Aliyegeuka wa njano ndiye aliyepona

Mdogo wangu alipougua, mtaa mzima wa kwetu Mbagala ulimhurumia. Macho yalikuwa ya njano hadi abiria wake wa bodaboda wakaanza kumkwepa. Mkojo ukawa wa kahawia. Na sigara, ambayo mama amempigia kelele miaka yote bila mafanikio, aliitupa mwenyewe kwa sababu harufu yake ilimtia kichefuchefu. Hilo la sigara daktari alilicheka baadaye, akasema wavutaji wengi wanaopata homa ya ini huichukia sigara hata kabla macho hayajabadilika.

Mimi nilikuwa mzima. Nashona, nakwenda Kariakoo kununua vitambaa, narudi na mafurushi yangu kwenye daladala. Kumbe kati yetu wawili mwenye tatizo la kudumu nilikuwa mimi.

Ugonjwa wake ulianza kama kila kitu kinavyoanza Dar, yaani ulidhaniwa malaria. Viungo vilimuuma, mwili ukalegea, chakula hakikupita. Alimeza dawa mseto za duka la dawa bila kupima, akaongezea na Panadol asubuhi na jioni. Macho yalipogeuka, majirani wakaja na dawa zao. Mmoja alileta maji ya miwa, mwingine glukozi, na shangazi akaleta mwarobaini ambao mama aliuchemsha sufuria nzima. Maji ya miwa hayakumdhuru. Mwarobaini daktari aliagiza umwagwe, na zile Panadol aliziulizia moja moja, ngapi na kwa siku ngapi, mpaka mdogo wangu akaanza kukasirika. Sababu ni kwamba ini ndilo linaloshughulikia dawa hizo, na ini lake wakati huo lilikuwa taabani.

Kipimo kilisoma homa ya ini B. Tukaambiwa wote wa nyumbani tupime: mama, mimi, mume wangu, binti yangu. Nilikwenda kwa sababu nimeambiwa niende. Majibu yalipotoka, daktari, dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, aliwaita wengine kwanza akawaruhusu. Mimi akaniambia nifunge mlango.

Nilikuwa na virusi vilevile. Hilo peke yake lisingenishangaza sana, maana tunaishi nyumba moja. Kilichonishangaza ni alivyoweka karatasi zetu mbili pamoja mezani akapitisha kalamu juu ya safu moja. Kimeng'enya cha ini kinachoitwa ALT, ambacho kwa mtu wa kawaida huwa chini ya 40 hivi, kwa mdogo wangu kilikuwa kimevuka elfu moja. Changu kilikuwa cha kawaida kabisa. Nikamwambia, basi si afadhali mimi? Akatikisa kichwa. "Dada yangu, hii ya kwake ni vita. Hii ya kwako ni kwamba hakuna anayepigana."

Nilisoma CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, kidato cha sita kabla maisha hayajanipeleka kwenye cherehani, kwa hiyo alipoona namfuata aliendelea, na mimi baadaye nikaendelea kusoma kivyangu. Jambo la kwanza nililolazimika kulikubali ni hili: kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiui seli za ini. Kinaingia ndani ya seli, kinaitumia kutengeneza nakala zake, nakala zinatoka, na seli inaendelea na kazi zake. Anayeharibu ini ni kinga ya mwili. Ni mpangaji asiyelipa kodi ambaye hagusi hata kitasa. Anayebomoa ukuta ni mwenye nyumba anapokuja kumtoa.

Kubomoa kwenyewe kunakwenda hivi. Seli iliyoambukizwa huchukua vipande vya protini za kirusi na kuvitoa nje, kwenye ganda lake. Kuna seli nyeupe za damu zinazoitwa seli T, na kundi moja kati ya hizo, CD8, kazi yake ni kupita zikikagua vipande hivyo. Zikitambua kipande kigeni, zinaiua seli yote. Seli ya ini ikipasuka, vimeng'enya vilivyokuwa ndani yake humwagika kwenye damu, na ndiyo ile ALT iliyovuka elfu moja. Na kwa kuwa seli zilizobaki hazitoshi kusafisha bilirubini, ile rangi ya njano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizochakaa, rangi hurudi mwilini ikaonekana machoni. Kwa hiyo macho yaliyomtisha mama yalikuwa dalili kwamba mwili wa mwanawe umeshamwona adui na umeanza kazi.

Si kwamba kinga inaua tu. Seli T hizo pia humwaga kemikali, mojawapo ikiwa interferoni gama, ambazo huzuia kirusi kujinakili ndani ya seli bila kuivunja seli yenyewe. Utafiti uliofanywa kwa sokwe nchini Marekani na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya virusi ilitoweka kwenye ini kabla ya uharibifu mkubwa kufika. Hilo lilinifariji sana kwa niaba ya mdogo wangu. Kama kila seli iliyoambukizwa ingelazimika kufa, na kwenye homa ya ini B kali karibu seli zote za ini zinaweza kuwa zimeambukizwa, nani angebaki?

Kuna jingine lililomsumbua yeye: alipata wapi? Alianza kuhesabu wiki iliyopita, alikula wapi, alikunywa na nani. Daktari akamwambia arudi nyuma zaidi. Kutoka kuambukizwa hadi dalili ni siku 30 hadi 180. Kirusi hiki huingia kimyakimya. Virusi vingi vikiingia, seli huvigundua saa za mwanzo tu na kupiga kengele, ndiyo maana mtu hupata homa na mafua siku chache baadaye. Cha homa ya ini B hakiamshi kengele hiyo kwa kiasi cha kueleweka. Hujinakili kwa wiki nyingi huku mwenyewe anaendesha pikipiki na kula chipsi mayai. Kinga ikija kustuka, inakuta ini limejaa.

Alivyorudi nyuma miezi kadhaa, akakumbuka mengi kuliko alivyotaka kuyasema mbele ya mama. Alitaja lile la kijana wa kucha. Kila anayekaa Dar anawajua hawa vijana, wanapita mitaani na kikapu chao cha rangi, sponji na vifaa vya kukatia, wakigonga chupa zao ili tuwasikie. Kikatio kilekile kinatoka kwa mguu wa mama huyu kinakwenda kwa mguu wa yule, na huyo kijana hana kosa, hakuna aliyemfundisha. Kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na zaidi na bado kikawa na uwezo wa kuambukiza. Sisemi ndiko alikopata, maana njia ni nyingi, ya kujamiiana ikiwemo. Lakini tangu hapo nina kikatio changu kwenye pochi, na kijana wa kucha akija kwangu anatumia hicho. Mwanzo alinuna, sasa amezoea.

Kwake yeye mambo yalikwenda hivi. Kingamwili ni protini ambazo kinga hutengeneza kumkamata mgeni, na kipimo cha zile za mwanzo, IgM, dhidi ya kiini cha kirusi kilikuwa chanya, maana yake maambukizi ni mapya. Alilala, alikula kidogo kidogo, pombe akaiacha, na hakupewa dawa yoyote ya kuua virusi, jambo lililomuudhi mama kupita kiasi. "Hospitali gani inakurudisha mtu nyumbani mikono mitupu?" Lakini kwa mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani, chini ya asilimia 5 tu ndio hubaki na kirusi. Wengine wote kinga yao inakimaliza yenyewe. Kinachotakiwa ni kumwangalia asije akawa miongoni mwa wachache ambao mapigano huwa makali mno na ini likashindwa kabisa, na dalili za hilo tulifundishwa: akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, kutokwa damu ovyo, tusisubiri kupambazuke.

Macho yalirudi meupe. Baada ya miezi, antijeni ya juu ya kirusi, yaani protini ya ganda lake ambayo kinga huitambua na vipimo huiita HBsAg, haikuonekana tena, na kingamwili dhidi yake zikaonekana. Hizi ndizo huja mwisho kabisa, na kuchelewa kwake kuna sababu. Kirusi hiki hutengeneza maganda matupu, protini ya juu bila chochote ndani, mengi kupita virusi kamili kwa maelfu. Kingamwili zinazotengenezwa mwanzoni zinaishia kung'ang'ania maganda hayo. Mpaka maganda yaishe ndipo zinabaki za ziada zinazoweza kupimwa.

Sasa mimi.

IgM yangu ilikuwa hasi. Maambukizi yangu ni ya zamani, na daktari alisema karibu hakika ni ya utotoni. Nilizaliwa 1983. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B ilikwishaidhinishwa Marekani 1981, lakini kwenye ratiba ya watoto Tanzania iliingia 2002, mimi nikiwa mtu mzima. Na hapa umri ndio kila kitu. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 kati ya 100 hubaki nacho maisha. Mtoto wa chini ya miaka mitano, kama 30 kati ya 100. Mtu mzima ndiyo hiyo asilimia 5 isiyotimia. Kirusi ni kilekile. Tofauti ni kinga iliyokipokea.

Ini lina tabia yake ya uvumilivu. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita hapo kwanza, imebeba mabaki ya dagaa, maharage, vijidudu vya tumboni, vitu vigeni kila saa. Kama kinga ingekuwa inavamia kila kigeni kinachopita kwenye ini, tusingemaliza wiki. Kwa hiyo seli T zikifika pale hupokewa kwa kutulizwa. Kwa mtu mzima maambukizi yakiwa makali hushinda utulivu huo. Kwa mtoto, ambaye kinga yake ndiyo kwanza inajifunza kipi cha kwake na kipi cha mgeni, kirusi huingizwa kwenye orodha ya wanaovumiliwa. Na seli T chache zinazojaribu kupambana, zikikabiliana na antijeni nyingi mwaka hadi mwaka, huchoka: zipo, zinatambua, lakini haziui wala hazizaliani. Wataalamu hutumia neno hilohilo, kuchoka, na mimi nililielewa bila maelezo.

Mama alipopata fununu kwamba watoto wachanga huambukizwa na mama zao, aliacha kula. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo alikuwa amemtengea mdogo wangu kikombe cha bati na sahani yake, akivisuuza kwa maji ya moto na kuvipanga juu ya dirisha peke yake. Sasa nikamkuta anahamishia kikombe chake mwenyewe kwenye dirisha lile. Ilibidi nimrudishe kwa daktari ili asikie kwa masikio yake. Homa ya ini B haipiti kwenye sahani, wala kukumbatiana, wala kupikiana. Inapita kwenye damu na majimaji ya mwili: wembe, mswaki, sindano, kitanda, uzazi. Na karatasi yake mama ilionyesha kwamba alishawahi kuambukizwa akapona, zamani hata hajui lini. Kama alinipa au sikupewa na yeye, damu ya leo haiwezi kusema. Watoto wengi wa rika langu Afrika walipeana wenyewe kwa wenyewe kabla ya miaka mitano, kwa vidonda vya magotini na nyembe za kunyolea zilizozunguka nyumba nzima. Mama alivirudisha vikombe vyote kwenye kabati siku hiyohiyo, akampigia shangazi simu kumwambia kwamba si yeye.

Nilifuatiliwa kila baada ya miezi sita, ALT, wingi wa virusi, picha ya ini kwa ultrasound. Sikupewa dawa, na hapo ndipo wauzaji wa "kusafisha ini" waliponipata. Kuna mmoja, simtaji, alinihakikishia kwa chupa tatu nitapona, na ushahidi wake ni wateja waliokuwa wa njano wakapona. Wangepona hata kwa kunywa maji! Ni watu wazima waliopata homa kali, kinga zao zimefanya kazi, yeye akachukua sifa na hela. Tangu nilipoielewa hesabu hiyo sijatoa shilingi. Hela hiyo afadhali kununulia karanga nzuri, na hili la karanga silisemi kwa utani. Sumukuvu inayoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya husababisha saratani ya ini, na kwa mwenye kirusi hiki hatari yake huzidishwa sana. Sasa nikisaga unga nachambua punje mwenyewe, zenye ukungu natupa hata kama ni nusu debe.

Halafu mwaka fulani ALT yangu ikapanda. Sikuwa wa njano, nilikuwa nachoka tu mchana, nikishona pindo moja natamani kulala. Daktari akaeleza kwamba kinga yangu imeanza kukiona kirusi baada ya miaka yote hiyo. Nikadhani ni habari njema. Kwa mdogo wangu ilikuwa vita ya wiki chache ikaisha kwa ushindi. Kwangu ni kinga iliyochoka inayopiga bila kumaliza, na kila ikipiga inaacha kovu, kovu juu ya kovu mpaka ini linasinyaa. Ndiyo maana huo ndio wakati wa dawa: si kuongeza vita, ni kupunguza virusi ili kinga isiwe na sababu ya kubomoa.

Dawa yenyewe ni tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Kabla ya kuanza nilipimwa VVU, kwa sababu tenofovir ni mojawapo ya dawa zilizomo kwenye ARV, na mwenye VVU akipewa hiyo peke yake virusi vya VVU vitajenga usugu. Mume wangu alikuwa na karatasi zangu zote, lakini jirani aliyekiona kichupa mezani alikuwa na tafsiri yake, na ilimfikia fundi wa kando yangu kabla sijafika kazini. Sikumjibu. Niliambiwa jambo moja kwa msisitizo, nisiache dawa kwa sababu najisikia vizuri. Dawa haing'oi kirusi, inakizuia. Ukiacha ghafla virusi hufumka, kinga hukurupuka, na watu wamepoteza ini kwa staili hiyo.

Mume wangu alikuwa hasi, akachanjwa: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Binti alichanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14 kama wenzake wote wa kizazi chake. Kingamwili zake zilipopimwa zilikuwa zimeshuka, nikaogopa, nikaambiwa seli za kumbukumbu hazishuki pamoja nazo. Akikutana na kirusi zitatengeneza upya haraka. Nami niliuliza kama nichanjwe. Hapana, chanjo haimtoi aliyekwisha kuingia.

Mdogo wangu siku hizi anajigamba kwamba yeye ana kinga na mimi sina. Hata hivyo hajabaki mtupu. Kirusi hiki huacha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli za ini, na hata kwa aliyepona huweza kubaki kidogo, kimebanwa na zile seli T zilizoshinda. Akija kupewa dawa zinazoshusha kinga, kama baadhi za saratani au za baada ya kuwekewa figo, kinaweza kuamka. Kwa hiyo kila daktari atakayemwandikia dawa za namna hiyo lazima aambiwe kwamba kipimo chake cha kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi ni chanya, na kitabaki chanya. Alilisahau jina la kipimo kabla hatujafika kituo cha daladala. Nikachukua simu yake nikaliandika pale ambapo hawezi kulikosa, na sasa humo nasomeka "Dada anti-HBc". Kila nikimpigia akiwa amesimama kijiweni, wenzake wanamuuliza huyo dada ni wa kabila gani.